Joto la Mashine, Kosa la Mwalimu

Kifaa kikiharibika mikononi mwa mwanafunzi, walimu wengi huuliza kwanza, "Nani?" Swali la "Kwa nini?" huja baadaye, na pengine lisije kabisa. Nasi tulikuwa miongoni mwa walimu hao. Makala haya yaeleza jinsi mashine moja ya kuchomelea vyuma ilivyotulazimisha kuyapanga maswali hayo upya. Twayaandika kwa ajili ya walimu wanafunzi ambao, muda si mrefu, watakabidhiwa madarasa na funguo za stoo, na pamoja navyo uwezo wa kumhukumu mtoto kabla hajasema neno.

Kisa chenyewe

Mwanzoni mwa mwaka 2016, ada na michango ilipoondolewa katika shule za serikali nchini Tanzania, watoto walioandikishwa darasa la kwanza waliongezeka mno, na upungufu wa madawati ukadhihirika kila mahali. Chuo chetu kiliahidi kuitengenezea shule ya mazoezi madawati 40 ya fremu za chuma. Sisi tulikuwa tumehitimu stashahada ya ualimu miaka michache tu kabla ya hapo, na tulikuwa tumekabidhiwa karakana. Tulijua kuchomelea kwa kadiri ya kumwonyesha mwanafunzi. Ndani ya mashine hatukupata kuangalia hata siku moja.

Mashine ilikuwa ya zamani, ya transfoma, nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Tuliiweka pembeni mwa karakana, mgongo wake ukielekea ukutani, na juu yake tuliifunika gunia ili maji yanayovuja kutoka paani yasiidondokee. Upande wa pili wa chumba hichohicho palikuwa na useremala, na jirani ya mashine ilisimama grinda ya kulainishia viungo. Umeme uliletwa kutoka ofisini kwa waya wa kuongezea wenye urefu wa meta 40, ambao sehemu yake kubwa ilibaki imeviringwa kwenye kibiringo.

Tuliwagawa wanachuo 24 katika makundi manne. Mmoja akichoka macho au mgongo, mwenzake alipokea kinyago na koleo palepale, bila dakika kupotea. Tulijivunia utaratibu huo, kwani kila kijana alipata zamu yake ya kupumzika. Hatukutambua kwamba katika karakana nzima alikuwapo mmoja tu asiyepewa zamu, nayo ni mashine.

Siku ya nne, alasiri, mwanachuo mmoja wa kike wa mwaka wa pili, ambaye tulimjua kwa utulivu wake, aliinua kinyago akasema, "Mwalimu, mashine inanuka." Tukamjibu kwamba chuma kikichomwa hunuka. Akaendelea na kazi. Baada ya muda mfupi akasema tena, "Samahani, Mwalimu, naona hii si harufu ya chuma. Ni kama rangi inaungua." Wenzake wakacheka. Tukamwambia aache visingizio, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imebakiza dakika kumi. Hazikupita dakika tano, moshi mwembamba wa kijivu ukatoka katika matundu ya ubavuni mwa mashine, ukasikika mlio mmoja, na fyuzi ya jengo ikakatika.

Tukauliza kwa sauti kubwa, "Nani alikuwa anachomelea?" Swali hilo halikuwa na haja, maana tulimwona kwa macho yetu. Tukafungua daftari la uharibifu, tukaandika jina lake, na mbele ya jina tukaandika: "Ameunguza mashine kwa uzembe." Kwa kanuni ya karakana yetu wakati ule, aliyeandikwa humo alichangia gharama ya matengenezo. Tulikuja kufahamu baadaye kwamba jioni ileile aliazima simu ya mwenzake, akampigia mama yake kuuliza kama mbuzi aliyebaki nyumbani angeweza kuuzwa.

Tulipoifungua mashine

Kesho yake alikuja fundi wa kusuka mota kutoka mjini, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Alipokwisha kupokea shikamoo za vijana, aliuliza nani alikuwapo mashine ilipotoa moshi. Tukamwonyesha yule mwanachuo, tukitaraji kwamba atamkemea. Fundi akamwita karibu, akamwuliza, "Mwanangu, ulinusa nini kwanza? Na feni, uliisikia ikizunguka?"

Mwanachuo akajibu, "Mzee, harufu ya rangi ndiyo ilitangulia. Feni sijapata kuisikia kwenye mashine hii."

Hapo ndipo tulipopata kujua kwamba mashine yetu ilikuwa na feni.

Fundi alichomoa plagi, akaiweka juu ya meza mbele ya macho yake, ili asitokee mtu wa kuirudisha ukutani wakati mikono yake imo ndani. Kisha akafungua boliti moja moja, akazipanga katika kifuniko cha kopo kwa mfuatano wa kuzitoa. Bati la ubavu lilipoondolewa, tuliona mambo manne.

La kwanza lilikuwa vumbi. Unga wa mbao kutoka upande wa useremala ulichanganyika na unga wa chuma kutoka kwenye grinda, ukajaa baina ya misokoto ya waya kwa unene wa kidole. Vumbi la namna hii lina madhara mawili: huifunika transfoma kama blanketi, joto lisipate njia ya kutoka, tena, kwa kuwa limo chuma ndani yake, laweza kuupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita.

La pili lilikuwa feni. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba zao za udongo baina ya mapanga ya feni na bati, na mhimili wake ulikuwa mkavu, hauna hata tone la mafuta.

La tatu lilikuwa nati ya mahali ambapo waya mnene wa kuchomelea huungana na mashine. Ilikuwa imelegea, na kichwa cha waya kilikuwa kimegeuka rangi, kikawa cha buluu iliyoelekea weusi. Kiungo kilicholegea huuzuia umeme kupita vyema, na pale unapozuiliwa huzaa joto.

La nne lilikuwa dogo kuliko yote kwa kuangalia. Waya mbili nyembamba zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa utepe mweusi. Fundi akautazama utepe ule kwa muda, akasema, "Hapa palikuwa na swichi ya joto. Mashine ikipata moto kupita kiasi, swichi hukata umeme yenyewe, na ikipoa huurudisha." Akainua uso. "Nani ameziunga waya hizi?"

Karakana yote ikanyamaza.

Tulikuwa ni sisi. Muhula uliotangulia mashine ilianza kuzimika kila baada ya kazi ya muda mfupi, kisha ikawaka tena baada ya robo saa. Tuliona ni usumbufu. Jirani mmoja mwenye ujuzi mdogo wa umeme alitushauri kwamba swichi imechoka, akatuonyesha jinsi ya kuiruka. Jioni moja, wanachuo wakiwa bwenini, tulifungua kidirisha kidogo cha nyuma tukaziunganisha waya. Mashine haikuzimika tena, nasi tukaamini kwamba tumeitengeneza.

Tukamwambia fundi, mbele ya wanachuo wote, kwamba kazi ile ilikuwa ya mikono yetu. Hakutukemea. Alisema tu, "Basi, Mwalimu, mlinzi alipiga kelele, mkamfunga mdomo." Akarudi kwenye kazi yake.

Maneno hayo yalitupata pabaya zaidi kuliko alivyokusudia. Swichi ile ilikuwa ikituarifu, kwa njia pekee iliyoijua, kwamba feni imesimama. Tuliinyamazisha. Mwanachuo alitueleza, mara mbili, tena kwa adabu, kwamba mashine inanuka. Naye tulimnyamazisha.

Lilibaki jambo moja la kutisha zaidi. Moshi ulitoka katika waya unaopeleka umeme kwenye msokoto wa transfoma: plastiki yake iliyeyuka kwa joto, shaba ikagusa bati la mashine. Kwa bahati njema bati lile lilikuwa limeungwa na waya wa arthi ulio mzima, hivyo umeme ukateremka ardhini kwa nguvu na fyuzi ikakatika. Laiti waya wa arthi usingalikuwapo, mwili mzima wa mashine ungalikuwa na umeme wa volti 230, na mtu aliyekuwa karibu nayo kuliko wengine ni yule tuliyemwandika daftarini kwa uzembe.

Misokoto yenyewe ilinusurika. Vanishi ya juu ilikuwa imebadilika rangi, lakini kipimo kilionyesha kwamba haijapoteza uwezo wa kuzuia umeme. Fundi alilipuliza vumbi kwa upepo mkavu, akasugua kwa brashi laini, akaondoa udongo wa nyigu, akautia mafuta mhimili wa feni, akabadilisha waya ulioungua, akasugua na kukaza kiungo kilicholegea, na akafunga swichi mpya ya joto. Akapaka vanishi mahali palipohitaji, kisha transfoma ikakaushwa usiku kucha kwa taa ya wati 100 chini ya kifuniko cha bati.

Hesabu ya joto

Wakati vanishi ikikauka, fundi alituonyesha kibao kidogo cha bati kilichokuwa nyuma ya mashine, upande wa ukuta, ambacho hatukupata kukisoma. Kilikuwa na namba hizi: ampea 200, asilimia 20, ampea 115, asilimia 60, ampea 89, asilimia 100. Yafaa kila mwalimu azielewe, kwa sababu ndani yake mna somo zuri la hesabu.

Asilimia hizo ni za kipindi cha dakika 10. Mashine ikitumiwa kwa ampea 200 inaruhusiwa kuchomelea kwa dakika 2, kisha ipumzike dakika 8. Kwa ampea 115 inaruhusiwa dakika 6 na kupumzika dakika 4. Kwa ampea 89 yaweza kufanya kazi mfululizo. Kwa nini umeme ukipungua kidogo muda uongezeke sana? Sababu yake ilionyeshwa na Mwingereza James Prescott Joule, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1841: joto linalozaliwa katika waya hufuata mraba wa kiasi cha umeme unaopita. Umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne; ukizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa.

Basi sisi tulikuwa tumefanya nini? Tulitumia vijiti vya milimeta 3.2 kwa ampea zipatazo 130. Chukua 200, gawanya kwa 130, kipeo chake cha pili zidisha kwa 20. Utapata takriban asilimia 47. Kwa maneno mengine, hata kama feni ingalikuwa nzima, mashine ilistahili kupumzika zaidi ya dakika 5 katika kila dakika 10. Kwa utaratibu wetu wa kupokezana, haikupumzika hata dakika moja kamili.

Na ule waya wa kuongezea je? Ulikuwa wa shaba ya milimeta mraba 1.5. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa kama omu 12 kwa kila kilometa. Umeme huenda meta 40 na kurudi meta 40, jumla meta 80, nao ni ukinzani wa karibu omu 1. Tuseme mashine ilivuta ampea 20 tu. Volti 20 zilipotea njiani, na wati 400 zikageuka joto ndani ya kibiringo, sawa na taa nne za wati 100 zilizofungiwa katika kapu. Mashine ikapokea umeme uliodhoofika, vijiti vikawa vinanata kwenye chuma, nasi tukaagiza mkono wa mashine uzungushwe ili ampea zipande. Tulijaribu kuponya ugonjwa kwa kuuongeza.

Kulipa deni

Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi kipimo kilichowekwa hupunguza uhai wa vanishi na vihami vingine kwa nusu. Uharibifu huo hauonekani siku unapotendeka. Ndivyo ulivyo pia uharibifu anaoufanya mwalimu kwa neno moja la haraka.

Mashine ilipowashwa tena na kujaribiwa, tuliwakusanya wanachuo. Tulifungua daftari, tukakata kwa mstari yale tuliyoandika, na chini yake tukaandika: "Chanzo: swichi ya joto iliruswa na mkufunzi, feni na matundu havikutunzwa, mashine haikupewa muda wa kupoa. Mwanachuo alitoa taarifa mara mbili." Tukaweka sahihi. Kisha tukamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo tulipomfedhehesha. Gharama tuliibeba wenyewe kwa mshahara wa miezi miwili.

Alijibu, "Nimekusamehe, Mwalimu." Twaamini alisema kweli. Walakini hakushika tena koleo ya kuchomelea tukiwapo, na swali hakuuliza mpaka muhula ulipokwisha. Tulifikiri kwamba radhi hufuta. Tukaona kwamba radhi huzuia deni lisikue, lakini lile lililokwisha kukopwa hulipwa polepole.

Mwaka ule, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulipangiwa kumtathmini. Alikuwa akifundisha Sayansi darasa la tano, na jiko la mafuta ya taa lilikuwa mezani likichemsha maji. Katikati ya maelezo yake, mtoto wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, jiko linanuka." Aliacha sentensi yake pale ilipofika. Akalizima jiko, akainama, akaona mafuta yakitiririka kidogo kwenye kiungo. Akalipangusa, akakaza, akamshukuru mtoto kwa kumtazama usoni, kisha akaendelea na somo. Jambo lote halikuzidi dakika tatu. Katika karatasi ya tathmini hapakuwa na nafasi ya kuandika tukio kama lile.

Namna ya kutafuta kosa

Kutokana na kazi ya fundi yule tuliokota utaratibu ambao twautumia hadi leo, karakanani na darasani.

Kwanza, msikilize aliyekuwapo. Usimwulize amefanya nini. Mwulize ameona, amesikia na amenusa nini. Swali la kwanza humfanya ajitetee, la pili humfanya akumbuke.

Pili, tazama nje kabla ya kufungua ndani. Mashine imewekwa wapi? Hewa yapita? Waya umenyooshwa? Mengi hupatikana hapa bila bisibisi.

Tatu, anza na jambo jepesi na la gharama ndogo. Kukaza nati hakugharimu kitu. Kusuka transfoma upya ni mzigo.

Nne, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha mambo matatu pamoja, mashine yaweza kupona nawe usijue ni kwa dawa ipi.

Tano, andika chanzo, wala usiandike jina la mtu peke yake.

Utaratibu huu unafaa vilevile kwa mtoto anayekosea hesabu za kugawanya. Jibu lisilo sahihi ni joto tu, nalo ni dalili. Mwalimu avute kiti, amwombe mtoto afanye hesabu kwa sauti, asikilize ni hatua ipi iliyolegea. Pengine kugawanya anakujua, ila jedwali la saba ndilo linalomsumbua. Pengine haoni ubao.

Utunzaji wa mashine

Mwalimu atakayekuta mashine ya kuchomelea shuleni au katika kituo cha ufundi jirani azingatie haya:

1. Mashine isimame mbali na ukuta, angalau nusu meta kila upande, juu ya kibao kikavu. Ikiwa kazini isifunikwe kwa gunia wala kitu kingine chochote. Paa likivuja, zibeni paa.

2. Kila asubuhi, iwasheni na kusikiliza feni kabla ya kuanza kazi. Feni ikinyamaza, kazi ngoja. Zipo mashine ambazo feni yake huzunguka pale tu joto linapopanda, hivyo fahamuni kwanza desturi ya mashine yenu.

3. Waya wa kuongezea uwe mnene wa kutosha, uwe mfupi iwezekanavyo, na ukunjuliwe wote hata kama kazi iko karibu.

4. Someni kibao cha nyuma, mkihesabu muda wa kuchomelea na wa kupoa. Wekeni saa ukutani na mtu wa kuitazama. Wakati wa kupoa utumike kupima, kukata na kugonga magamba ya viungo.

5. Grinda ikae mbali, na cheche zake zisielekee kwenye matundu ya mashine, maana feni huvuta kila kilicho mbele yake.

6. Kila wiki, plagi ikiwa imechomolewa, kazeni nati za waya minene na kagueni kibanio cha chuma.

7. Kila muhula, fundi aifungue, aondoe vumbi kwa upepo mkavu na aikague arthi. Maji yasitumike kamwe.

8. Kazi ikiisha, acheni feni izunguke dakika 5 hadi 10 kabla ya kuzima.

9. Swichi ya joto isirukwe, kwa sababu yoyote iwayo.

Siku hizi zimeenea mashine ndogo nyepesi za inveta. Nazo hufuata sheria ileile ya joto na ya muda wa kupoa, lakini ndani yake mna vihifadhi umeme vinavyoweza kumdhuru mtu hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwalimu asizifungue, kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa.

Katika darasa la shule ya msingi

Watoto wa shule ya msingi hawapaswi kuikaribia kazi ya kuchomelea. Mwanga wake huumiza macho hata kwa mbali. Walakini somo la joto wanaweza kulipata kwa makopo mawili. Mwalimu achukue makopo yaliyo sawa, ayatie maji ya moto kwa kipimo kimoja, moja aliache wazi na la pili alizungushie kitambaa kinene na kulifunika. Baada ya dakika 10, 20 na 30 wanafunzi wapime joto na kuandika katika jedwali. Watauona wenyewe utofauti, ndipo awaulize: kitambaa hiki kingekuwa vumbi ndani ya mashine, ingekuwaje? Katika Hisabati, namba za kile kibao zatosha kwa vipindi viwili vya asilimia na vya vipeo vya pili.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilitaka shule iwe mahali pa kazi na pa fikra kwa pamoja. Sisi katika ile wiki ya madawati tulikuwa na kazi nyingi, na fikra tuliiacha mlangoni. Madawati 40 yalikamilika kwa kuchelewa siku tisa, na hakuna mtoto aliyedhurika kwa kuchelewa huko.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, siku moja mtoto atainua mkono akuambie kwamba kitu kinanuka, nawe utakuwa na haraka. Pengine atakuwa amekosea, ni chuma tu kinachonuka. Acha kazi, nenda ukatazame. Dakika tatu zinatosha.